Madeni yasiyotajwa kwenye lufu

Na Nanjala Wafula

Baba alipozikwa, siku ya tatu tulikaa lufu kama Wabukusu wengine wanavyokaa. Tukanyolewa. Kisha mzee mmoja akauliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Jirani akataja gunia la mahindi. Mwingine akakiri ndama. Kufikia saa nane yote yalikuwa yameandikwa kwenye daftari la shule. Hakuna aliyetaja zile nyakati za usiku ambazo Baba hakurudi, Mama akikaa kimya jikoni, chakula amekifunika kwa sinia.

Deni hilo nimelidai mimi, tena kwa mtu ambaye hakulikopa. Kila mume wangu alipochelewa kutoka Bungoma, hata kama ni mvua tu iliyokwamisha matatu, nilipakua, nikafunika, nikanyamaza. Siku mbili, pengine tatu. Na watoto niliongea, na kuku niliongea nao, ila yeye niliishia kumwambia "chakula kipo." Nikajiona mke mwenye staha: sipigi kelele, jirani hasikii kitu.

Mwaka jana nikaanza kwenda Kitale kwa mshauri nasaha. Kitale, si Kimilili, kwa sababu hapa ningekutana mlangoni na mtu wa kanisani, na Jumapili ingefika nimeshakuwa mwendawazimu. Nilitarajia kupewa mawaidha. Yule mama hakunipa hata moja. Kikao cha tatu, nikiwa katikati ya kumshtaki mume wangu, akaniuliza, "Dada, na kwenu ni nani aliyekuwa akinyamaza hivyo?" Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu likaja lenyewe: sinia.

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kurithi ukimya. Mama alinyamaza kwa sababu Baba akirudi amelewa, neno moja lilitosha kuamsha nyumba nzima. Ukimya ule ulitulinda. Mume wangu hanywi hata busaa. Nilikuwa nimebeba mwavuli wa Mama nikitembea nao kwenye jua, na kumlaumu mwenzangu kwa mvua.

Najua mtaniambia: tuna wazee. Nawaheshimu, na ndoa kadhaa hapa zimesimama kwa sababu yao. Lakini wazee huitwa kuamua kesi. Hutafuta mkosaji, wakamtoza, watu wakatawanyika. Hawawezi kumwita barazani yule msichana wa miaka 7 aliyekuwa akichungulia jikoni, na kesi yangu ilikuwa yake.

Wanaosema ushauri nasaha ni mambo ya Wazungu hawajui yaliyofanyika katika kaunti yao wenyewe. Kuanzia 2013, watafiti waliwaandikisha watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, hapa Bungoma na kule Moshi, Tanzania. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 7 na 13. Baadhi yao walipewa tiba ya mazungumzo: vikao 12 vya kikundi, na vingine vya mtoto peke yake ambamo alisimulia kifo kile hatua kwa hatua, mpaka akaweza kukitaja bila kutetemeka. Walezi nao walikuwa na vikao vyao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalitolewa 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma walioipata walikuwa bado na nafuu kuwazidi wenzao. Moshi hali ilikuwa tofauti: wasioipata nao walikuwa wameshapata nafuu. Mimi nasoma hapo kwamba kuna mahali majonzi huisha yenyewe, na kuna mahali yanahitaji mtu wa kuyasikiliza. Bungoma ni mahali pa pili.

Baadaye kazi hiyo ilipelekwa kwa walimu wa shule za msingi na wahudumu wa afya wa kujitolea. Hapo ndipo ningependa kuona pesa za kaunti, maana ada ya kikao ukiongeza na nauli ya Kitale si pesa ya mama anayeuza sukuma wiki sokoni Kimilili. Ila wafunzwe kweli na wasimamiwe. Tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na bado kila mwenye kipaza sauti kwenye semina ya ndoa hujiita mshauri. (Mmoja alituambia wake tupike vizuri zaidi. Nililipa kiingilio kusikia hilo.)

Jumanne iliyopita mume wangu alichelewa tena. Mkono wangu ulikuwa umeshashika sinia. Nikaliweka chini, nikamfuata mlangoni kabla hajavua viatu.

"Baba Nekesa, ukichelewa mimi huogopa."

Akakaa kwenye kigoda, kiatu kimoja mkononi, akaniangalia kwa muda.

"Kwani kwenu," akauliza, "ni nani aliyekuwa harudi?"