Kabla Hujatuma Injini Mpya Nyumbani

Wengi wetu tunaokaa karibu na Zhanxi tunaujua ule ujumbe wa sauti unaoanza na salamu ndefu na kuishia na bei. "Mashine imekufa, mwanangu. Si huko Uchina ndiko zinakotengenezwa?" Nyumbani wanadhani ukifungua mlango tu unakutana na injini. Huku magharibi ya stesheni ya treni ya Guangzhou utauziwa saa, viatu na nguo mpaka uchoke. Injini utaiagiza mtandaoni, kisha wakala wa mizigo akupigie hesabu ya kilo, na ada ya muhula ya mtoto inaondoka hivyo hivyo.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mjomba wangu wa Muheza. Ana Lister D kuukuu ya petroli, aina iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1926. Ndiyo inayozungusha mashine yake ya kupukuchulia mahindi, na mahindi ya majirani pia. Magneto ilipelekwa kwa fundi, ikarudi, injini ikagoma. Mbaya zaidi, mpini wa kuwashia ulirudi nyuma mara mbili na kumpiga binamu yangu mkono. Hapo ndipo niliposhtuka mimi muuguzi. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo. Asiiguse mtu mpaka kesho." Tukapanga video saa mbili usiku ya huku, kwao saa tisa alasiri, mwanga ukiwa bado mzuri.

Tulianza na plagi. Aliifungua, akaifuta, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, kivulini, mbali na tundu lake na mbali na petroli. Injini ikizungushwa, cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ya rangi ya chungwa ni dhaifu. Yake ilikuwa dhaifu. Basi tukafungua magneto na kutazama pointi, vile vichuma viwili vinavyoachana ili cheche iruke. Zilikuwa na uchafu. Zikisafishwa, zinatakiwa ziachane kama milimita 0.3. Kipimo cha fundi hana, lakini nyumba gani Tanzania haina kadi ya mchango wa harusi? Ile kadi ngumu inakaribia unene huo. Ikapita kwa kubana kidogo, cheche ikawa ya buluu. Magneto haikuwa imekufa.

Lakini cheche nzuri ikitoka wakati usio wake ni hatari kuliko kukosa cheche. Pistoni hupanda mara mbili kwa kila mlipuko mmoja: mara moja ikibana hewa na petroli, mara nyingine ikisukuma moshi nje. Ukiziba tundu la plagi kwa dole gumba na kuzungusha polepole, safari ya kubana utaijua, kwani kidole kinasukumwa. Msukumo ukikoma, pistoni imefika juu. Hapo piga alama ya chaki kwenye gurudumu zito. Magneto ya mjomba ina springi inayochelewesha cheche wakati wa kuwasha, na ikiachia inalia "ka!" Mlio huo ulipaswa kusikika chaki ikifika au ikipita kidogo. Wake ulisikika mapema mno. Fundi aliirudisha magneto bila kufuata alama, pistoni ikawa inasukumwa chini kabla haijamaliza kupanda, na mpini ukawa unarudi na mkono wa mtu.

Vitabu vya tiba bado vinauita mvunjiko mmoja wa mfupa karibu na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, mvunjiko wa dereva, kwa sababu madereva wa zamani waliupata wakiwasha magari kwa mpini. Kwa hiyo vuteni mpini kwenda juu, msiusukume chini, na dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Mkono ukivimba, vueni pete, ufungeni kwenye ubao, nendeni mkapige picha. Msiukande.

Kama yenu ni ya dizeli, kama mashine nyingi za kusaga, haina plagi. Anzeni kutafuta hewa kwenye bomba la mafuta.

Magneto ilifunguliwa tena, ikapangwa kwa chaki, na siku ya pili nikatumiwa video ya mlio wake. Binamu hakuvunjika. Mjomba sasa anataka plagi mbili za akiba tu. Nimemwomba anisomee namba ya ile ya zamani, maana plagi za injini kuukuu mara nyingi ni nene kuliko za siku hizi, na mwanafunzi anayerudi Tanga anaondoka Ijumaa.