Neno la Mhariri: Mstari Usiochorwa na Mtu

Ada ya jarida kama hili ni kufungua kila toleo kwa habari za siku, na habari za siku hapa kwetu Butembo na Beni hazijawahi kuadimika. Walakini safari hii twaomba idhini yenu tuanze na jambo lililotangulia habari zote, nalo ni mstari wa istiwai, ambao shuleni huitwa ikweta, upitao kusini ya mji wa Butembo kwa masafa ya kilometa 15 hivi, ukaikata barabara ya taifa namba 2 kati yetu na Lubero, kisha ukateremka kutoka milimani hadi bonde la Semliki na kuingia Uganda si mbali na Kasindi. Beni uko kaskazini yake kwa kilometa 54 hivi. Lubero uko kusini, kwa kilometa zisizozidi 20. Kila siku malori yaliyosheheni viazi, maharage na kabeji hupanda kutoka Lubero, abiria wamekaa juu ya magunia, nayo huuvuka mstari huo na kutoka nusu moja ya dunia hadi nusu ya pili. Na mwalimu yeyote mwenye kuipenda kazi yake angetamani mtoto aliye juu ya magunia yale aambiwe, pale pale apitapo, ni jambo gani limempata.

Majirani zetu walilitambua hilo zamani. Katika Kenya, mji wa Nanyuki una kibao kilichopigwa picha na wasafiri wasiohesabika, nacho hutaja istiwai na pamoja nayo kimo cha mahali, futi 6,389 juu ya bahari. Maseno, upande wa pili wa Kisumu, una alama yake kando ya njia. Na reli ipandayo kutoka Nakuru kwenda Eldoret ilipewa stesheni yenye jina la Equator, katika nyanda za Timboroa zenye baridi kali. Katika Uganda, Kayabwe katika njia ya Masaka pana duara nyeupe ya saruji awezamo kusimama mtu mzima, na Kikorongo, kati ya Kasese na daraja la Katunguru, pana alama nyingine inayofanana nayo. Hata katika nchi yetu wenyewe, mbali huko magharibi, msafiri Stanley alipoweka kituo mwaka 1883 mahali panapoitwa leo Mbandaka alikiita Équateurville kwa ajili ya mstari huu huu, na mkoa ule ungali na jina la Équateur hadi sasa. Mgeni akitajiwa ikweta, fikira zake huenda huko. Ni nadra mno ziende Butembo.

Haja yetu ya kulitaka jiwe la istiwai, jiwe lililopimwa na kuandikwa kwa insafu, katika barabara ya Butembo na Lubero, haikutokana na tamaa ya watalii. Imetokana na historia ya mistari katika nchi hii. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipotangaza mipaka ya dola yake ya Kongo, upande wetu aliuwekea mpaka katika mstari wa nyuzi 30 mashariki ya Greenwich, mstari uliojulikana kwa kalamu kabla haujajulikana kwa mguu. Na tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipokuja kupima katika miaka ya 1907 na 1908, ikadhihirika kwamba ramani zilizotegemewa hazikuuweka mstari huo mahali pake, wakajadiliana, na katika mapatano ya Brussels ya mwaka 1910 wakauhamisha mpaka, wakaupitisha katika Ziwa Edward, katika mto Lubiriha, juu ya kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, na katika maji ya Semliki. Wanande wakabaki huku, Wakonjo ndugu zao wakabaki kule, na mama aendaye kumzika shangazi yake ng'ambo ya Lubiriha akawa msafiri wa nchi za kigeni. Mstari wa nyuzi 30 wenyewe haukutoweka: saa tunayoifuata mashariki ya Kongo, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili, ndiyo saa ya mstari ule, kwa kuwa kila nyuzi 15 ni saa moja, nao unakutana na istiwai karibu na Kikorongo.

Basi katika mistari yote tuliyowekewa, ya mpaka, ya mikoa, ya mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na inayoitwa sasa Virunga, istiwai ndiyo pekee ambayo hakuna waziri aliyeitia sahihi. Imefanywa na mzunguko wa dunia yenyewe, ambayo katika mahali petu hutuchukua kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa, na hakuna jeshi wala mkataba uwezao kuusogeza mstari huo kwa faida ya mtu. Manahodha wa Pwani na wa Omani waliovuka baharini kwa kaskazi na kurudi kwa kusi waliuvuka upande wa Kismayu bila kibao chochote, wakiwa na elimu ya falaki tu. Mstari wa namna hiyo, wenye kuwaheshimu sawasawa walio kaskazini na walio kusini yake, unastahili alama. Na alama hiyo yastahili kusimamishwa na wale wakaao juu yake.

Lakini alama yenye uongo ni heri isiwepo. Katika baadhi ya vituo vya majirani zetu, vijana huwaonyesha wageni beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini ya mstari maji huzunguka upande mmoja, hatua chache kusini huzunguka upande wa pili, na juu ya mstari hushuka wima. Vijana wale wanatafuta riziki ya halali ya wazazi na wadogo zao, wala hatuna neno juu yao. Ila jambo lenyewe si kweli. Nguvu aliyoieleza Mfaransa Coriolis mwaka 1835, ambayo kweli huzipinda pepo kuu za dunia, karibu na istiwai ni dhaifu mno hata haiwezi kuamuru maji ya beseni, na maji yale hufuata jinsi yalivyomiminwa na umbo la chombo. Mtoto akidanganywa mbele ya jiwe lililowekwa kwa ajili ya elimu, atakuwa na sababu ya kutoyaamini majiwe yote.

Tena liko suala la mahali hasa. Karibu na Quito, katika Ecuador, walisimamisha mnara wenye kimo cha mita 30, na vipimo vya setilaiti vikaja kuonyesha kwamba umesimama zaidi ya mita 200 mbali na mstari wa vipimo hivyo. Haifai kuwacheka. Wapimaji wa zamani walitafuta mahali pao kwa nyota na kwa timazi, na timazi huvutwa na uzito wa milima. Pierre Bouguer, mmoja wa Wafaransa waliotumwa huko Peru ya zamani kuipima dunia, alilijaribu jambo hilo kando ya mlima Chimborazo mwaka 1738. Sisi tulio jirani na Ruwenzori, milima yenye urefu wa mita 5,109, tuna sababu kubwa ya kulikumbuka. Na hapa kwetu, mnyororo wa vipimo uliofuata nyuzi 30 kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, uliokamilika mwaka 1954, ndio uliozaa ramani zilizotumika miaka mingi, na kati ya hesabu zake na hesabu za setilaiti za leo pana tofauti ya mita 200 na zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwa hiyo jiwe lenye adabu halisemi tu kwamba "hapa ndipo". Husema lilipimwa kwa njia gani, na mwaka gani, na na nani.

Nalo litaje kimo. Vitabu tulivyosomea vilitufundisha kwamba istiwai ni nchi ya joto na misitu mizito, na mtoto wa Butembo akayakariri hayo huku amevaa sweta, kwa kuwa mji wake umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kusini ya mstari, Lubero huvuna viazi; kaskazini, Beni, ulio chini yetu kwa mamia ya mita, hupanda kakao na papai; na ukitazama mashariki asubuhi isiyo na ukungu, theluji iko juu ya Ruwenzori, chini ya nusu nyuzi kutoka kwenye istiwai. Mtoto huyo alikuwa na haki ya kuamini ngozi yake kuliko kitabu, na ya kuuliza ni kwa nini. Maana swali hilo, la kwa nini kimo hushinda mstari, lingemfungulia mlango wa elimu ambao kitabu kiliufunga.

Twajua watakaotuuliza: je, nchi ambamo watu wa Beni wamechinjwa tangu mwaka 2014, ambamo Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 hadi Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, ambayo tangu Mei 2021 imo katika hali ya kuzingirwa (état de siège), ina wasaa wa kuhangaikia mstari usioonekana? Swali ni la haki, na anayeliuliza aghalabu ni mtu aliyezika. Jibu letu ni kwamba misiba hiyo imetujazia barabara vibao vya aina yake: vya vizuizi, vya mashirika ya misaada, vya kunawa mikono, na vyote husimulia habari moja, kwamba hapa ni mahali pa hatari ambapo wengine huja kusaidia. Havikosei. Ila mtoto aliyezaliwa mwaka 2014 amesoma njia nzima ya nchi yake na hakukuta kibao kinachomwambia jambo lililo zuri na la kweli kuhusu ardhi aikanyagayo, ilhali ni katika bonde hili hili, Ishango, Semliki itokapo ziwani kabla ya kuivuka istiwai, ndipo mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikwaruzo inayodhaniwa kuwa ya kuhesabia, wa umri wa miaka 20,000 hivi. Yaelekea watu walihesabu hapa kabla ya Misri kuwa na mafarao.

Toleo hili, basi, lahusu barabara na alama zake, na ndani yake mtakuta makala za waendeshaji wa malori, za walimu, na za mafundi wa njia. Nasi tunaongeza ombi kwa shule. Tarehe 23 Septemba, jua likifika kilele, simamisheni mti ulionyooka wa mita 2, ujaribuni kwa timazi, mpime kivuli chake. Bunia kitalala upande wa kaskazini, sentimita 5 na nusu hivi. Goma kitalala kusini, kama sentimita 6. Beni kitakuwa kaskazini bado, lakini kisichofika sentimita 2. Na Butembo na Lubero kitakuwa kidogo hata macho yashindwe kukubaliana. Kwa vivuli vya Bunia na Goma pekee, na masafa yaliyo kati yao, mwanafunzi wa sekondari aweza kukadiria mahali pa jiwe, kisha wenye vyombo vya setilaiti wakamsahihisha. Tuandikieni jina la shule, saa mliyopima, na urefu mlioupata. Hesabu zote zitakazotufikia tutazichapa katika toleo lijalo, na zile zinazopingana tutazichapa ubavu kwa ubavu.