Kabla ya Kuitupa Pi, Mpelekee Fundi wa Redio

Leo nina jambo la kukiri. Mimi ni mwandishi wa programu, na kwa miaka mingi kifaa kikigoma nimekuwa na dawa moja tu: futa kadi, weka mfumo upya. Mwezi uliopita dawa hiyo ilinipotezea jioni tatu.

Kifaa chenyewe ni Raspberry Pi ya kwanza, ile Model B ya mwaka 2012. Niliiweka nyumbani kwa shangazi yangu karibu na Wote, Makueni, ipime maji kwenye tangi na kunitumia vipimo kwa modemu. Inatumia umeme wa sola. Ikaanza kuzima na kuwaka yenyewe kila modemu ilipoanza kazi. Nikalaumu kadi. Nikalaumu programu yangu. Nikakaribia kuagiza nyingine Nairobi.

Bahati nzuri nilikuwa na safari ya Kitui, nikaibeba. Pale mjini yuko mzee mmoja anayetengeneza redio. Hajawahi kuona Pi maishani mwake. Akaigeuza mara mbili, akauliza: "Kijana, kile kikopo kilichokuwa hapa kimekwenda wapi?"

Jamani, niliona haya! Kando ya tundu la umeme palikuwa na alama mbili tupu za lehemu, pameandikwa C6. Hapo hukaa kapasita ya mikrofaradi 220, kikopo kidogo cha rangi ya fedha. Kimekaa ukingoni, pale pale mtu anaposhika akichomeka waya, na kwenye toleo lile kung'oka kwake ni jambo linalojulikana. Kazi yake ni kama ya tangi la shangazi: huweka akiba na kuitoa matumizi yakipanda ghafla. Pi huweza kuwaka bila hiyo, ndiyo maana sikuishuku.

Nilimwonyesha TP1 na TP2, sehemu za kupimia. Multimita ikasoma volti 4.9, na inatakiwa iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Tatizo lilikuwa ule mshtuko wa modemu, unaopita haraka kuliko multimita inavyoweza kuonyesha.

Mzee akatoa kapasita ya 220, volti 16, kwenye redio iliyokufa, akaipima kwanza. Kisha akaweka ncha moja ya multimita kwenye bati la tundu la USB, nyingine kwenye zile alama mbili. Iliyolia ndiyo hasi, na upande wa kapasita wenye mstari ukaelekezwa hapo. Ukikosea hapo, kapasita inaweza kupasuka. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Pi imerudi Makueni na haijazima tena.

Sasa hoja yangu. Tunapenda kusema mashinani hakuna wataalamu. Si kweli. Mikono ipo, macho yapo, tena makali kuliko yangu. Kinachokosekana ni mchoro wa saketi. Wa Model B uliwekwa hadharani mwaka 2012, tukaufungua kwenye simu yangu na mzee akausoma kama gazeti. Lakini mchoro wa Pi 4 uliotolewa kwa umma umepunguzwa, sehemu nyingi hazimo. Hapo fundi wetu afanye nini? Abahatishe? Anayeuza kompyuta kwa jina la kufundisha watoto asiwafiche watoto hao jinsi ilivyoundwa.

Na sisi waandishi wa programu tujirekebishe. Multimita si ghali. Pima kabla ya kufuta kadi. Angalia bodi kwa macho kabla ya kulaumu msimbo. Na kabla ya kuagiza mpya, pita kwa fundi wa redio wa mtaani kwako.

Wewe je, una bodi ngapi "zilizokufa" kwenye droo? Hebu zitoe uziangalie tena.