Gemu Ipi? Maneno Yangu kwa Mama Anayenyang'anya Simu

SEHEMU YA 1

Mama zangu na wadogo zangu mnaolea, shikeni chai kwanza. Uzi huu ni mrefu na baadhi yenu mtaninunia.

Kwenye magrupu yetu ya akina mama hapa Kigoma haupiti muda bila sauti ileile kuzunguka: gemu zinaharibu watoto, vunja pedi, nyang'anya simu, mtoto akashike daftari. Na kila inapopita tunaijibu "Amina". Mi nakataa. Nakataa kama nesi ninayeshinda na watoto wenu kliniki. Nakataa pia kwa kuwa baadhi yetu tunaoitikia Amina ndio haohao tunaokaa kwenye foleni ya kupima uzito na mtoto wa miezi tisa, kashikishwa simu yenye katuni ili anyamaze. Mkubwa wa miaka 14 ananyang'anywa, mchanga anapewa. Hapo ndipo tulipolikoroga.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019 na hauna mafumbo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja, skrini hapana. Wa mwaka mmoja, bado hapana. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo kama una hasira na simu, anza na ile iliyoegemezwa kwenye bakuli la uji.

SEHEMU YA 2

Tatizo la pili ni hili neno lenyewe, "gemu". Tumelifanya gunia. Humo ndani kuna kubeti, kuna mpira wa kwenye PS pale kibandani, kuna vindege vinavyopaa na hela yako, na kuna gemu za kufikiri. Vyote tunavipiga fimbo moja.

Kubeti si mchezo wa mtoto, na sheria ya nchi inasema hivyo: michezo ya kubahatisha ni kwa aliyetimiza miaka 18. Ukimkuta wa miaka 15 anatengeneza mkeka au anakodolea macho kindege kipae, hapo nyang'anya na mimi nitakushikia mlango. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Ninayetaka kumtetea leo ni mtoto mwingine kabisa.

SEHEMU YA 3

Mnawajua wale vijana wanaokaa barazani jioni na simu zao, hawapigi kelele za goli, wanabishana tu? "La zamani lilikuwa bora." "Wee, la zamani vitufe vyake vinachosha." Mama anapita na ndoo, anasonya: wavivu hawa. Hebu siku moja tua ndoo uwasikilize.

Wanabishania gemu za mbinu za vita. Uwanja umegawanywa vyumba vyumba kama ubao wa drafti. Una watu wako, kila mmoja ana jina, ana kazi yake, ana silaha, na anakua kadiri anavyopigana. Unawasogeza mmoja mmoja. Ukimaliza ndiyo zamu ya adui. Fire Emblem ilianza Japani mwaka 1990. Final Fantasy Tactics ilitoka kwa PlayStation mwaka 1997, ikarudi kwa PSP mwaka 2007, na hiyo ya PSP ndiyo kijana asiye na mashine yoyote anaweza kuicheza kwenye simu kwa ile programu ya PPSSPP, bila bando ikishaingia.

Na ubishi wao una maana. Mfano vitufe. Gemu ya PSP ilitengenezwa kwa vitufe vya kubonyeza, sasa kwenye simu vitufe vinachorwa juu ya kioo, na dole gumba linaziba chumba kilekile unachotaka kukiona. Final Fantasy Tactics hiyohiyo ilitolewa upya kwa iPhone mwaka 2011 na kwa Android mwaka 2015, hapo unamgusa askari mwenyewe kwa kidole. Mmoja atakwambia kugusa ni rahisi, mwingine atakwambia vyumba ni vidogo, ukiteleza umempeleka mtu wako kufa. Wanapima, wanalinganisha, wanatoa sababu. Shuleni tunalipa ada ili wafanye hivyo hivyo.

Sasa jambo linalonifanya nizipende gemu hizi kuliko za mpira: zinasubiri. Mpira wa PS haumsubiri mtu, saa inakimbia, ukimwita mtoto anaitika "naja" bila kugeuka, kwa sababu akigeuka kafungwa. Gemu ya zamu ukimwita aende kisimani, anaiweka chini, anarudi na maji, adui bado kasimama palepale. Kama mtoto haji, basi shida si gemu, ni adabu, na adabu tunaijua dawa yake.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu ninayotaka akina mama waisome mara mbili, maana ubishi wa hawa vijana unagusa usingizi wa nyumbani kwako.

Katika Fire Emblem za zamani, askari wako akifa, kafa. Harudi tena mpaka mwisho wa hadithi. Mwaka 2012 ikatoka ile iitwayo Awakening, ambapo mwanzoni unachagua: ama kwa njia ya zamani, ama kwa njia ambayo aliyeanguka anarudi pambano lijalo. Matoleo ya 2017 na 2019 yakaongeza kitu kingine, unarudisha hatua nyuma pale ulipokosea, kwa idadi maalumu. Mashabiki wa zamani wakakasirika. Wanasema huko ni kudekeza, gemu imekuwa ya watoto.

Mimi nawaambia wadogo zangu, hapo mmekosea. Nani asiyejua mnachofanya askari mpendwa anapokufa? Hamkubali msiba. Mnazima, mnaanza pambano upya. Mara ya pili, ya tatu, saa sita ya usiku inagonga. Ule ukali mnaousifia ndio unaowakesha. Yule anayecheza kwa njia laini amemaliza pambano lake saa tatu, kalala. Kwa mtoto wa shule njia laini ndiyo yenye afya, na asione aibu.

Kusevu nako ni hivyohivyo. Final Fantasy Tactics ya 1997 haikuruhusu kusevu katikati ya pambano. Mtoto akikwambia "mama, nikizima sasa napoteza saa nzima", hadanganyi. Toleo jipya la 2025 linajisevu lenyewe. Na Fire Emblem zile za mashine ndogo za mkononi, ukizima katikati ya vita, kesho unaendelea pale ulipoachia. Kwa hiyo mama, kabla ya kunyang'anya, uliza swali moja tu: "Hiyo inasevu katikati?" Ikiwa inasevu, zima sasa hivi. Ikiwa haisevu, asianze pambano baada ya chakula cha usiku. Mtoto ataona unajua unachosema, na hapo ndipo heshima inapoingia.

Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Wa sekondari, saa 8 hadi 10. Simu ilale chumbani kwako. Maana hata gemu inayosubiri ina wimbo wake wa "raundi moja tu", na raundi moja huzaa nyingine. Silikatai hilo.

SEHEMU YA 5

Kuna mama kaniandikia chini ya posti ya kwanza: "Nesi, sisi tulikua bila hayo, tukawa na akili." Mama yangu mpendwa, ulikua na bao.

Nenda mwaloni Kibirizi siku za mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika. Nenda Ujiji jioni. Ukikuta wazee wamezunguka bao, utasikia ubishi uleule wa vijana wa barazani, neno kwa neno. Bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, zote 64 ziko nje tangu mwanzo: hilo la watoto, watasema. Bao lenyewe unaanza na kete kumi tu nje, sita kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi unazinamua moja moja mpaka ziishe, ndipo mje kwenye mtaji. Kisha aje jamaa kutoka Burundi aliyezoea igisoro: mashimo ni 32 yaleyale, kete 64 zilezile, lakini kwao ukila unabeba za mbele na za nyuma za mwenzako, wakati kwetu safu ya nyuma haiguswi. Hapo wazee wawili wanaweza kumaliza kahawa nzima wakibishana kanuni ya nani ina akili zaidi, na hakuna aliyewahi kuja kliniki kuniambia bao limemharibu babu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao, na hatukumwita mvivu.

Kijana anayelinganisha Fire Emblem ya zamani na mpya anafanya kazi ya babu yake. Tofauti ni kioo. (Na babu hakucheza gizani chini ya shuka, hiyo pia tofauti.) Na tukishaelewana hapo, nitauliza la binti: kwa nini bao ni la kaka, simu ya kaka, baraza ya kaka, yeye anapita na ndoo tu? Naye ana kichwa. Mkalishe.

SEHEMU YA 6

"Lakini nesi, si nasikia gemu ni ugonjwa?" Upo, ndiyo, ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini soma masharti yake. Mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kula, shule na watu wake, anaendelea hata inapomuumiza, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Shirika lenyewe linasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Mtoto aliyecheza Jumamosi yote baada ya mitihani hajaugua. Aliyeacha kula, kaacha kuoga, kaacha marafiki, anaiba hela ya bando, huyo mlete tumwone, na mlete bila kumpiga. Mara nyingine nyuma ya gemu kuna jambo jingine linalomsumbua, na simu ndiyo mahali pekee alipopata pa kujificha.

Kesho na keshokutwa niko zamu ya usiku, kwa hiyo inbox nitajibu Jumamosi. Na yule dada aliyeuliza kuhusu bao la mumewe na mtoto anayetambaa: kete ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, juu, sio uvunguni. Komwe moja inatosha kuziba koo la mtoto wa mwaka mmoja.