Programu ya Mali za Bandari Ichaguliwe Gatini

Imeota mizizi katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki imani kwamba programu ya kusimamia mali ni shughuli ya watu wa kompyuta. Taasisi ikitaka kujua ina vifaa gani, viko wapi na viko katika hali gani, faili hupelekwa kwa mkuu wa TEHAMA. Huyo huwaita wauzaji, hutazama wanachoonyesha kwenye skrini, kisha huchagua programu inayohesabu vizuri kompyuta, printa na leseni. Vifaa vingine vyote, huambiwa, vitaingia humo humo baadaye. Imani hii ni potofu na inagharimu, na sijui mahali pazuri pa kuipima kuliko Bandari ya Bujumbura.

Bandari hii iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na ndiyo mlango wa Burundi kwa shehena inayokuja kwa maji kutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Hebu tutembee gatini kwa macho ya mtu anayetaka kuandika mali. Ataona kreni, foklifti, malori, mizani ya magari, jenereta, pampu, minyororo na kamba za chuma za kunyanyulia mizigo. Kompyuta zimo, lakini ziko ndani ya ofisi, ni chache, na thamani yao yote kwa pamoja haifiki bei ya kreni moja. Kompyuta ikipotea, bandari inapata hasara ya fedha. Mnyororo uliochoka ukikatika mzigo ukiwa hewani, aliye chini anakufa. Ni kwa akili gani basi tunaanzia kwenye kompyuta?

Kila aina ya mali ina maswali yake, na programu haijui kuuliza ila maswali iliyofundishwa na walioitengeneza. Chukua GLPI, programu huria iliyozaliwa Ufaransa mwaka 2003, ambayo ingemfaa fundi wa Bujumbura kwa kuwa imeandikwa Kifaransa tangu mwanzo. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Inaweza kupita kwenye mtandao wa ofisi na kuzitambua kompyuta zenyewe, pamoja na programu zilizomo. Snipe-IT, programu nyingine ya aina hiyo, nayo inajua vizuri nani amekabidhiwa kifaa gani, tarehe ngapi, na dhamana inaisha lini. Lakini foklifti haimo kwenye mtandao, wala haina mtu mmoja aliyekabidhiwa: dereva wa asubuhi humwachia wa jioni. Swali lake kubwa ni injini imefanya kazi saa ngapi tangu mafuta yabadilishwe, kwa sababu mashine nyingi za dizeli hudai huduma kila baada ya saa 250 hivi, iwe zimefika kwa wiki mbili au kwa miezi mitatu. Ratiba inayofuata kalenda peke yake itaichakaza mashine inayofanya kazi sana, na itamwaga mafuta mazuri ya ile iliyosimama.

Kuhusu vifaa vya kunyanyulia, swali ni zito zaidi, na halikutungwa na muuzaji yeyote. Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaohusu usalama na afya katika kazi za bandari, unataka kila mtambo wa kunyanyua na kila kifaa chake cha kufungia mzigo kikaguliwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12. Unataka pia kuwe na rejista ya vifaa hivyo na kumbukumbu za ukaguzi zinazothibitisha uzito salama. Maana yake ni kwamba mnyororo mmoja mmoja una historia yake. Programu inayouandika kama "minyororo, seti 1, imenunuliwa 2019" imeficha kile hasa tunachopaswa kukijua.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Mwezi Aprili 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hadi yakaingia ndani ya Bandari ya Bujumbura na kuvuruga kazi, huku Gatumba jirani, karibu na mto Rusizi, ikizama. Siku kama hiyo msimamizi wa bandari hahitaji orodha ya dhamana. Anataka kujua kilichosimama upande wa chini wa uwanja, mota ipi ya umeme iko karibu na ardhi, kipi kinaweza kujiendesha na kipi lazima kivutwe. Maji yakishuka, anahitaji kumbukumbu ya kifaa gani kilizama na kwa muda gani, kwa sababu mota iliyolowa na kuwashwa bila kukaushwa inaungua. Mahali kifaa kinaposimama na kimo chake juu ya maji ni taarifa ya lazima katika bandari hii. Katika orodha za mahitaji zinazoandaliwa na ofisi ya kompyuta, jambo hilo halitokei, kwa kuwa kompyuta hukaa juu ya meza.

Nisisitize pia suala la malipo. Programu nyingi za siku hizi hulipiwa kwa mwezi, kwa dola, kwa idadi ya watumiaji. Burundi imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni kwa miaka mingi, na Mei 2023, thamani ya faranga iliposhushwa, bei rasmi ya dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Mkataba uliokuwa nafuu Aprili ukawa mzigo Juni. Na kwa kuwa hulipwa kwa kila mtumiaji, wa kwanza kupunguzwa ni fundi na mtunza bohari, yaani wale wale wanaojua ukweli wa mashine. Programu ya namna hiyo inabaki na maofisa wanaosoma ripoti zisizo na mwandishi. Ongeza kukatika kwa umeme na intaneti: kama fundi hawezi kuandika saa za injini kwenye simu bila mtandao na zikapokelewa mtandao ukirudi, ataziandika kwenye daftari, na daftari ndilo litakuwa mfumo halisi.

Nasikia hoja ya wahasibu, nayo ni ya haki: wanataka kitabu kimoja, mali isihesabiwe mara mbili. Bujumbura wana sababu ya ziada, kwa kuwa bandari huendeshwa kwa mkataba na kampuni ya GPSB huku serikali ikisimamia kupitia mamlaka yake ya bandari na reli, AMPF. Lazima ijulikane kipi ni cha nani, na mkataba utakapokwisha kitarudi kikiwa katika hali gani. Lakini kitabu kimoja hakidai programu moja. Kinadai namba moja isiyobadilika kwa kila kifaa, iliyogongwa kwenye chuma, maana karatasi ya kubandika haivumilii grisi, jua na mvua. Ukiwa na namba hiyo, kompyuta zinaweza kukaa kwenye GLPI, mitambo ikakaa kwenye programu ya matengenezo, na mhasibu akavuna kutoka kote kuwili. Bila namba hiyo, hata mfumo wa gharama kubwa kama Maximo wa IBM utakupa foklifti mbili mahali palipo na moja.

Ziwa hili lina ushahidi wake wa matunzo. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiikimbia Kigoma, waliizamisha meli yao Goetzen, lakini mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi kabla ya kuiachia chini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilisalimika kwa uamuzi wa watu walioijua mashine kwa mikono yao. Watu wa aina hiyo wako Bujumbura leo, gatini na katika gereji za Buyenzi, na hakuna anayewaalika kwenye kikao cha kuchagua mfumo.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa zabuni, Bujumbura na kwingineko: kamati iongozwe na mkuu wa mafundi, mtunza bohari na mhasibu wakae upande wake, na mtu wa TEHAMA aje kama mshauri wa usalama wa data na mitambo ya kompyuta. Muuzaji asianzie ukumbini. Apelekwe gatini, aonyeshwe kreni moja, mnyororo mmoja na kompyuta moja, mtandao uzimwe, na simu ashike fundi. Programu ikishindwa kuandika vyote vitatu hapo, isinunuliwe kwa bei yoyote.