Seli zenye jina la uongo: kosa linalojulikana lakini haliishi

Dawa nyingi za kansa zilianza safari yao katika chupa ndogo ya maabara. Humo watafiti hukuza seli za binadamu, yaani vile vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, wapate kujaribu dawa kabla mgonjwa hajapewa. Juu ya chupa huandikwa: kansa ya ini, kansa ya koo. Je, kama maandishi hayo si ya kweli?

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, waganga walichukua seli za kansa ya mlango wa kizazi za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila ruhusa yake. Alifariki mwaka huohuo, lakini seli zake, zinazoitwa HeLa, ziliendelea kuongezeka. Zilisaidia mengi, hata chanjo ya polio. Lakini zina nguvu sana: chache zikiingia katika chupa nyingine kwa uzembe, baada ya muda huzifunika zile za kwanza. Jina la nje hubaki lilelile.

Mwaka 1966 mtaalamu Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli, zilizodhaniwa kutoka kwa watu mbalimbali, zilikuwa na alama za HeLa. Leo orodha ya kimataifa ina aina zaidi ya 500 zenye majina yasiyo yao. Na mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walihesabu makala za sayansi zaidi ya 32,000 zilizotumia seli za namna hiyo.

Hasara yake si ya karatasi tu. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina tatu za seli zilizoitwa kansa ya umio, ile njia ya chakula, zilikuwa za mapafu, za utumbo mpana na za tumbo. Wakati huo majaribio ya dawa kwa wagonjwa wa umio yalikuwa yameanza kwa kutegemea matokeo yake.

Kwa nini kosa haliishi? Kipimo cha DNA kinachotambua seli kipo, na bei yake ni ndogo kuliko ya utafiti wenyewe. Kinachokosekana ni moyo wa kukiri. Anayepima huenda akabomoa kazi ya miaka mingi, pamoja na heshima na fedha zake. Makala ya zamani hubaki bila onyo, na mwanafunzi wa leo huijengea juu.

Tusiseme basi kwamba waganga wote ni waongo, wala tusikimbie dawa. Dawa hupitia majaribio mengi kabla ya kukubaliwa, na kosa hili lilifichuliwa na wanasayansi wenyewe. Wengi walikosea bila kujua. Lakini anayejua na kunyamaza, huyo ameshika mizani ya udanganyifu ambayo kitabu cha Mithali kinaikataa.

Dawa ya jambo hili haiko mbali: watoaji wa fedha wadai kipimo kabla ya kutoa, na majarida yaweke onyo juu ya makala za zamani. Mgonjwa anayekubali dawa ijaribiwe mwilini mwake anastahili angalau hilo.