Uchungu wa Kuzaa na Njia za Kuutuliza

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usemi huo ni wa kweli, lakini haukusudii kwamba mzazi aachwe peke yake na uchungu wake. Katika mitaa yetu, tangu Buyenzi hadi Kinama, bado wapo wanaosema kwamba mwanamke shupavu huzaa kimya, na kwamba aliaye huaibisha nyumba. Maneno hayo hayamfai mama wala mtoto. Mwenye hofu hukaza mwili wote, na mwili uliokazwa huumia zaidi na kuchoka upesi.

Yafaa kwanza kuelewa kazi inayofanyika. Mji wa mimba ni msuli. Kila unapojikaza huufungua mlango wake kidogo kidogo, mpaka ufikie upana wa sentimita 10. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2018, limeeleza kwamba tangu sentimita 5, kazi iliyobaki kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa.

Maagizo hayo hayo yanataja njia nyingi za kumtuliza mama zisizohitaji fedha. Ya kwanza ni mwenzi wa kumsindikiza: mama yake, dada, shangazi au mumewe, yeyote amtakaye mwenyewe. Ya pili ni kutembea, kusimama au kulala kwa ubavu badala ya kulala chali. Ya tatu ni kukandwa kiuno kwa kiganja, au kuwekewa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa vizuri, kisicho cha kuunguza. Ya nne ni kupumua polepole kila uchungu unapopanda. Mama asiye na matatizo anaweza pia kunywa chai au uji mwepesi, mkunga akikubali.

Zipo vilevile dawa. Sindano ya pethidini hupunguza maumivu, lakini huleta usingizi na kichefuchefu. Tena ikitolewa karibu na kuzaa, mtoto huweza kuzaliwa mzito wa kupumua. Kwa hiyo hutolewa na wataalamu tu. Sindano ya ganzi ya mgongoni ndiyo inayotuliza zaidi, na mama hubaki macho. Hata hivyo yataka daktari wa usingizi na kupimwa shinikizo la damu mara kwa mara, na wataalamu hao kwetu ni wachache. Ni vema kuuliza mapema kama ipo, na bei yake.

Anayeomba dawa asionekane dhaifu. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwatuliza wazazi kwa klorofomu, wengi walimlaumu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza aliitumia alipomzaa mwanawe Leopold, na lawama zikapungua. Leo klorofomu imeachwa kwa sababu ya hatari zake.

Jambo moja tunalikataza kabisa: kunywa mitishamba ya kuharakisha uzazi. Baadhi yake huukaza mji wa mimba kupita kiasi, hata ukapasuka, na mama na mtoto wakapotea. Tena yapo maumivu yasiyofaa kutulizwa nyumbani: tumbo gumu lisilolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu nyingi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, au kifafa. Hapo mama apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Mwezi wa Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, na akina mama wengi wakapata mlango wa kuingia. Lakini kuingia peke yake hakutoshi. Mama mjamzito, siku ya kupimwa mimba muulize mkunga: Nani ataruhusiwa kukaa nami? Nitaweza kutembea? Dawa gani zipo? Nawe baba, tayarisha gari na vitambaa safi kabla ya mwezi wa tisa, na uchungu utakapoanza usimwambie mkeo anyamaze. Mshike mkono.